Ushirika si Neno la Mdomoni



Katika mitelemko ya Mlima Meru maji hayana budi kugawanywa. Vijito vishukavyo kutoka msituni, kama Themi, Nduruma na Usa, tangu zamani vimechepushwa kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wa Kimeru na wa Kiarusha. Kila mfereji una desturi yake: iko siku ya kuusafisha kwa pamoja, na iko zamu ya kila shamba kupata maji. Aliye juu hufungua, kisha hufunga, ili aliye chini naye apate. Desturi hiyo ni njema. Lakini kila aliyekaa huko ajua na ugomvi wake. Wakati wa kiangazi, watu wakiisha kulala, yuko atokaye na jembe lake kwenda kuziba njia ya maji, ili yote yaende kwenye migomba yake. Asubuhi jirani yake wa chini akuta mfereji mkavu na mboga zimenyauka.

Tuwaze sasa kwamba aliyeziba na aliyezibiwa wote wawili ni Wakatoliki wa parokia moja. Jumapili wakutana kanisani. Wote wawili wajipanga katika mstari mmoja, wote wawili wapokea Mwili wa Bwana, wote wawili waitikia Amina. Kisha kila mmoja ashika njia yake bila kumsalimu mwenzake. Twauliza: watu hawa wamepokea nini?

Swali hilo si letu wa kwanza kuliuliza. Mtume Paulo aliwauliza Wakorinto jambo la namna hiyo, na katika kuwauliza alitumia neno moja la Kigiriki ambalo twataka kulitazama leo pamoja nanyi. Neno lenyewe ni koinonia.

Neno na ukoo wake

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Si Kigiriki cha wanafalsafa na washairi wa kale, bali cha watu wote, kilichosemwa sokoni, bandarini na barabarani. Kigiriki hicho chaitwa koine, maana yake lugha ya wote, na jina hilo ni la ukoo mmoja na neno letu. Shina lao ni koinos, yaani kitu kilicho cha wengi pamoja, si cha mmoja peke yake. Kutoka hapo latoka koinonos, yaani mtu aliye na fungu pamoja na mwenzake katika jambo moja. Na koinonia ni hali ya kuwa na fungu hilo pamoja, au tendo la kumpa mwenzako fungu hilo. Neno koinonia laonekana mara 19 katika Agano Jipya, na kati ya hizo mara 13 ni katika nyaraka za Mtume Paulo.

Waliotutangulia kulifasiri kwa Kiswahili waliliita ushirika, nao walichagua vema. Maana mkulima wa kahawa hahitaji kufundishwa ushirika ni nini. Mwanachama wa chama cha ushirika ana hisa yake: faida ikipatikana, ana fungu katika faida, hasara ikipatikana, ana fungu katika hasara. Hawezi kusema, Mimi ni mshirika wa faida tu.

Ndivyo neno hili lilivyotumika na katika Injili. Mt. Luka atueleza kwamba Yakobo na Yohane, wana wa Zebedayo, walikuwa koinonoi wa Simoni Petro (Lk. 5:10). Maana yake walikuwa washirika wake katika kazi ya uvuvi. Ilikuwa kazi moja na jasho moja. Samaki walipojaa hata nyavu zikaanza kukatika, mashua mbili zilikwenda pamoja kuwavuta. Basi neno hili lilinuka samaki kabla ya kunukia ubani. Lilifanya kazi ziwani kabla ya kuingia altareni, na tukilisahau hilo hatutaelewa lilikuja kufanya nini altareni.

Kanisa lililosema Kilatini lilifasiri koinonia kwa maneno kadhaa, na mojawapo ni communio. Hilo ndilo lililotufikia sisi kwa sura ya Komunyo. Kwa hiyo tusemapo kwamba twaenda kupokea Komunyo, kwa asili ya neno twasema kwamba twaenda kushirikiana. Na katika Kanuni ya Imani, tunapoungama ushirika wa Watakatifu, twasema jambo hilo hilo: ya kwamba sisi tulio hai, na marehemu wetu walioko toharani, na watakatifu walioko mbinguni, tuna fungu katika uzima mmoja, ambao ni uzima wa Kristu.

Kikombe kimoja

Tuwarudie Wakorinto. Mtume awauliza kama kikombe tukibarikicho si koinonia katika damu ya Kristu, na kama mkate tuumegao si koinonia katika mwili wake. Mara aongeza sababu: kwa kuwa mkate ni mmoja, sisi tulio wengi tumekuwa mwili mmoja (1 Kor. 10:16-17). Tazameni jinsi asivyotenga mambo haya mawili. Hasemi kwamba uko ushirika na Kristu, na halafu, kwa wapendao, uko na ushirika na majirani. Kwake ushirika ni mmoja. Anayepata fungu katika Kristu apata papo hapo fungu katika wote walio wa Kristu, apende asipende.

Tena Paulo hakuishia katika mafundisho. Huko Korinto waamini walikutana kwa chakula cha Bwana, lakini wenye nacho walitangulia kula chakula chao wenyewe. Mmoja akabaki na njaa, mwingine akalewa. Mtume akawaambia waziwazi kwamba walichokuwa wakila si karamu ya Bwana tena (1 Kor. 11:20-22). Neno hilo latutisha. Hakuwashtaki kwamba wamekosea sala, wala kwamba mkate haukuwa mkate wa kweli. Aliwashtaki kwamba wamewaaibisha wasio na kitu. Na Mt. Yohane Krisostomo, aliyehubiri kwa Kigiriki hicho hicho katika karne ya 4, aliwakemea watu wake kwa kosa lilo hilo. Aliwaonya wasimpambe Kristu kwa hariri kanisani, huku wakimwacha nje ya mlango akitetemeka kwa baridi katika mwili wa maskini.

Liko jambo jingine katika sura hiyo hiyo ya 10, nalo msomaji wa Kiswahili alitambua upesi kuliko wengine. Mtume asema kwamba hapendi Wakristu wawe koinonoi, yaani washirika, wa mashetani (1 Kor. 10:20). Katika lugha yetu, kutoka shina moja tumepata maneno mawili, ushirika na ushirikina. Ushirikina ni kumtafutia Mungu mshirika, ni kuweka tumaini nusu kwake na nusu penginepo. Mtu apokea Komunyo asubuhi, na usiku apita njia ya nyuma kwenda kupigiwa ramli, ili ajue ni jirani gani aliyemroga mtoto wake. Ramli humtajia jina, aghalabu jina la bibi kizee mmoja asiye na mtetezi. Tangu siku hiyo nyumba mbili hazipeani moto. Ndiyo maana twasema kwamba ushirikina wavunja ushirika pande zote mbili: wamwondoa mtu kwa Mungu, na papo hapo wamwondoa kwa jirani.

Fedha nayo ni koinonia

Wako wasomaji watakaosema kwamba haya ni mambo ya roho, na fedha ina mlango wake. Mtume hakukubali hivyo. Wakristu wa Yerusalemu walikuwa katika umaskini. Wakristu wa Makedonia na Akaya, watu wa taifa jingine, ambao wengi wao hawakupata kuiona Yerusalemu, wakachanga fedha kwa ajili yao. Paulo alipoandika habari ya mchango ule aliuita koinonia (Rom. 15:26), neno lile lile alilolitumia kwa damu ya Kristu. Na mara akaongeza kwamba waliochanga walikuwa wakilipa deni. Kwa maana walikwisha kupata fungu katika mali ya kiroho ya wale wa Yerusalemu, ikawapasa kuwapa fungu katika mali ya mwili.

Mlima Meru una habari yake ya mchango, nayo yafaa watoto wetu waijue. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wachache wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakushika silaha. Walichanga. Watu wa migomba na kahawa, wengi wao ndugu zetu Walutheri, walitoa shilingi zao, wakamtuma Kirilo Japhet hata New York, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwatetea. Safari ile haikuwarudishia ardhi yao papo hapo. Lakini wako waliotoa ambao wao wenyewe hawakufukuzwa. Mashamba yao yalikuwa salama upande mwingine wa mlima. Walitoa kwa sababu walijihesabu kuwa na fungu katika msiba wa wenzao. Mtume angalikuwako, tunadhani neno la kuuita mchango ule lisingalimpotea.

Sasa tujitazame sisi. Watanzania hatujaacha kuchanga. Tazameni kamati za harusi: mwenyekiti, mhazini, kadi za ahadi, vikao vya kila juma, na simu za kuwakumbusha wasiolipa. Fedha ya ukumbi hupatikana, ya mapambo hupatikana, ya keki hupatikana. Hatusemi kwamba furaha ya arusi ni dhambi. Bwana wetu mwenyewe alikwenda Kana. Lakini katika jumuiya hiyo hiyo yumo mtoto aliyefaulu kwenda sekondari, amekaa nyumbani kwa kukosa sare na godoro. Yumo mgonjwa aliyerudishwa kutoka hospitali kwa sababu ya dawa asizoweza kununua. Kwa hao hakuna kamati, wala kadi, wala mwenyekiti. Twajua basi kwamba tatizo letu si umaskini wala si kutojua kuchanga. Twachanga pale ambapo tutaonekana, na pale ambapo kesho tutachangiwa. Hiyo ni biashara ya heshima, haijawa koinonia.

Na kwa kuwa tumetaja fedha, tutaje na daftari. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Paulo alipokusanya mchango ule hakuubeba peke yake. Alitaka ndugu wengine wafuatane nao, mtu asipate sababu ya kulaumu, maana alijali yaliyo mema mbele ya Mungu na mbele ya watu pia (2 Kor. 8:20-21). Mtume mkubwa kama huyo alikubali kukaguliwa. Basi mhazini wa jumuiya au wa parokia anayekasirika akiulizwa hesabu, na akumbuke kwamba katika wale Kumi na Wawili aliyeshika mfuko wa fedha alikuwa Yuda, na Mt. Yohane aeleza aliutendaje (Yoh. 12:6). Ushirika mwingi haukuuawa na maadui wa nje. Uliuawa na risiti zisizoandikwa.

Mshirika wa kwanza yumo nyumbani

Kabla ya kuvuka kizingiti kwenda kwa jirani, tuitazame nyumba. Walipolifasiri Agano la Kale kwa Kigiriki, kabla ya kuja kwake Bwana wetu, Wayahudi walifika mahali ambapo nabii Malaki awakemea waume waliowatenda kwa hila wake za ujana wao (Mal. 2:14). Hapo walimwita mke kwa neno koinonos. Mke ni mshirika. Yeye si kibarua, wala si mgeni aliyekaribishwa. Ni mtu mwenye fungu.

Tuseme wazi. Katika mashamba mengi ya kahawa ya milima yetu ya kaskazini, mama ndiye apaliliaye. Mama na watoto ndio wachumao, ndio waanikao, na ndio wachaguao punje mbovu. Siku ya malipo ikifika, baba ndiye aendaye kuchukua fedha, kwa kuwa shamba laandikwa kwa jina lake. Akirudi usiku, nusu imekwisha kubaki njiani, na mama hathubutu kuuliza. Baba huyo huenda ni mwanachama mzuri wa ushirika wa wakulima. Huenda ni mwenyekiti wa jumuiya yake. Lakini mshirika aliyepewa na Mungu mbele ya altare amemfanya kibarua asiye na mshahara. Twamwomba ayafikiri haya mbele ya Msalaba, si mbele yetu.

Na kuna mjane. Mume akiisha kuzikwa, na wageni wakiisha kuondoka, ndugu wa mume huja kupima shamba. Wale wale waliobeba jeneza kwa machozi ndio wamwambiao mjane arudi kwao. Wengine wao wamo katika kwaya. Twasema kwa masikitiko, lakini hatuna budi kusema: amtoaye mjane katika shamba lake ajitoa mwenyewe katika ushirika wa Watakatifu, maana marehemu aliyeko mbele ya Mungu hawezi kupatana na dhuluma atendewayo mkewe.

Mkono wa kuume

Liko tendo moja la nje ambalo Maandiko yaliunganisha na neno hili. Paulo alipokwenda Yerusalemu kukutana na wakubwa wa Kanisa, Yakobo, Petro na Yohane walimpa yeye na Barnaba mkono wa kuume wa koinonia (Gal. 2:9). Kulikuwa na neno zito kati yao: je, watu wa mataifa waweza kuwa Wakristu bila kwanza kufanywa Wayahudi? Walipatana, wakashikana mikono, kisha wakaongeza sharti moja tu, kwamba maskini wakumbukwe. Mkono wa ushirika ulikuwa na sharti ndani yake.

Arusha ni mji wa kushikana mikono. Hapo ulitiwa sahihi, tarehe 30 Novemba 1999, mkataba ulioiunda upya Jumuiya ya Afrika Mashariki, baada ya ile ya kwanza kuvunjika mwaka 1977. Na hapo, tarehe 4 Agosti 1993, serikali ya Rwanda na wapinzani wake walitia sahihi mapatano ya amani. Watu walipeana mikono, picha zikapigwa. Haukupita mwaka. Mwezi wa Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari. Kuanzia mwaka 1995 hata mwisho wa 2015 mji huo huo wa Arusha ulikuwa na mahakama ya kimataifa iliyosikiliza habari za mauaji yale. Ilitia hatiani wakuu wa serikali, askari, waandishi wa habari, na hata mapadre wa Kanisa letu. Katika shauri moja ilisikika habari ya kanisa lililobomolewa juu ya watu waliokimbilia ndani yake.

Hatuyataji haya ili kuwanyoshea kidole ndugu zetu wa Rwanda, ambao wamelia machozi kuliko sisi. Twayataja kwa sababu waliouana, wengi wao, walikuwa Wakristu waliobatizwa, na wengi walikuwa Wakatoliki kama sisi. Walikuwa wamepokea Komunyo katika mstari mmoja. Walikuwa wamepeana amani kanisani. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kwamba ugomvi wa mfereji, au wa mpaka, au wa kabila katika uchaguzi wa halmashauri ya parokia, ni jambo dogo lisilohusu Sakramenti. Moto mkubwa hauanzi mkubwa. Huanza siku mtu anapozoea kupokea kikombe bila kumtazama anayekipokea pamoja naye.

Katika jimbo hilo hilo la Arusha uko mfano wa kututia moyo. Miaka ya 1960 Padre Vincent Donovan, wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliwapelekea Injili Wamasai wa pande za Loliondo. Kwa Wamasai majani mabichi ni ishara ya amani: mtu akimpa mwenzake majani, na mwenzake akayapokea, ugomvi umekwisha. Waamini wale wapya waliichukua desturi hiyo katika Misa. Majani yalipitishwa kutoka mkono hata mkono, nyumba hata nyumba, kijiji kizima. Yakikwama mahali, kwa sababu mmoja au kundi moja lilikataa kuyapokea, Ekaristi haikuadhimishwa siku ile. Padre mwenyewe aliandika habari hizo katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1978. Wafugaji wale, waliosikia Injili jana na juzi, walielewa papo hapo alichokisema Paulo. Na sisi, ambao babu zetu walibatizwa, je, majani yangepita parokiani mwetu Jumapili moja tu, yangefika wapi kabla ya kukwama?

Hauletwi kwa amri

Neno la mwisho. Katika mji wa Arusha, mwezi wa Januari 1967, chama cha TANU kilipitisha Azimio la Arusha, nalo likatangaza ujamaa. Wengi wetu twakumbuka, au tumesimuliwa na wazazi wetu, tumaini la siku zile, na ndani ya tumaini lile yalikuwamo mambo ambayo Mkristu hawezi kuyakataa: kwamba mtu asimnyonye mtu, na kwamba cheo si mali ya mwenye cheo. Lakini historia ilitufundisha na upande mwingine. Watu walipohamishiwa vijijini kwa nguvu, na serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, hata sheria ya mwaka 1982 ikabidi kuvirudisha, ilidhihirika kwamba ushirika haushonwi kwa sindano ya amri.

Maandiko yalikwisha kutuonya. Waamini wa kwanza walikuwa na vitu vyote shirika. Lakini Anania alipoficha sehemu ya bei ya shamba lake, Petro alimwambia kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha ilikuwa katika mamlaka yake (Mdo. 5:4). Hakuna aliyemlazimisha. Kosa lake halikuwa kubakiza. Kosa lake lilikuwa kujidai mshirika mzima hali ni mshirika nusu. Ushirika wa kweli ni zawadi ya Roho Mtakatifu, na zawadi hupokewa kwa hiari au haipokewi.

Ndiyo sababu Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, walitaka Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu. Hawakutaka kuongeza mkutano mwingine katika juma. Walitaka koinonia ipate mahali padogo pa kukaa, ambapo watu wajuana kwa majina, na ambapo mwenye njaa hawezi kufichika. Jumuiya ambayo kazi yake imekuwa kusoma orodha ya michango na kuandika wasiolipa imepoteza jina lake. Na Mkatoliki anayekwenda Misa kila Jumapili lakini hajulikani katika jumuiya yake, mpaka siku atakapohitaji kuzikwa, naye na ajiulize yeye ni mshirika wa nani.

Basi, wasomaji wapendwa, tufanye nini? Bwana wetu alikwisha kusema. Ukileta sadaka yako altareni, na hapo ukumbuke ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka, enda kwanza upatane naye (Mat. 5:23-24). Hakusema kama wewe una neno juu yake. Alisema kama yeye ana neno juu yako. Kwa hiyo wa kwanza kuondoka nyumbani ni yule aliyeziba mfereji.

Twamwomba aende kabla ya Jumapili ijayo. Asitume mtu, wala asingoje wazee waitwe. Aende mwenyewe, na jembe lake begani, hata pale alipoziba, azibue. Kisha ashuke kufuata maji mpaka kwa jirani yake, ampe mkono wa kuume. Baba wa nyumba naye, jioni moja ya juma hili, na aweke fedha ya kahawa mezani, aihesabu pamoja na mkewe. Ndugu wa marehemu na wamwendee mjane, wamwambie kwamba shamba ni lake na la watoto. Kamati ya arusi, kabla ya kufunga hesabu, na iulize ni mtoto gani katika jumuiya amekosa sare. Hakuna hata moja katika haya lipitalo uwezo wetu, na hakuna lisilotugharimu. Mt. Yohane asema kwamba tukidai kuwa na koinonia na Mungu, nasi twaenenda gizani, twasema uongo (1 Yoh. 1:6). Na azibaye maji ya mwenzake huenda usiku.

Ndipo Jumapili, watakapojipanga tena katika mstari mmoja, padre ainuapo Mwili wa Bwana mbele ya kila mmoja, na kila mmoja aitikiapo Amina, neno hilo litakuwa kweli midomoni mwao. Mungu atujalie sote ushirika huo hapa duniani, katika nyumba zetu na mashamba yetu, hata atakapotukaribisha katika ule usiovunjika, pamoja na Watakatifu wake wote.

Tumsifu Yesu Kristu. Milele na milele. Amina.